Gairo ilipokatika, tukazungukia Mtera

Machi 2020 mvua ilikata barabara kuu pale Kiyegeya, Gairo, sisi tukiwa Morogoro mjini na shehena ya saruji ya Dodoma. Lilikuwa daraja fupi, abiria wengi walilipita wamelala. Lilipoondoka, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yakasimama pande zote mbili. Mjomba ndiye aliyekuwa dereva, mimi utingo wake. Alipiga simu mbili tatu, akawasha gari. "Tunazungukia Iringa." Safari ya kilomita 260 hivi ikawa zaidi ya 500.

Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga tuliyoipanda kwa gia nzito nyuma ya msururu wa magari, hayo nayapita. Kilichonikaa moyoni ni Mtera, bwawa la umeme lililo kati ya Iringa na Dodoma.

Pale barabara inapita juu ya bwawa lenyewe, nayo ni nyembamba. Mjomba alisimama kabla ya kuingia. "Shuka, mwanangu, tangulia. Niangalizie tairi za kushoto." Nikashuka. Kushoto maji yametanda mpaka macho yanachoka, miti mikavu imesimama ndani yake. Kulia, chini kabisa, Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake kwenda Kidatu. Nilitembea kinyumenyume nikipunga mkono, macho kwenye tairi na ukingo. Baina yao palibaki nafasi ya kiatu changu. Ng'ambo basi lilikuwa limesimama kutupisha, abiria wamejaa madirishani.

Maji yale yanazungusha mitambo ya megawati 80 palepale Mtera, kisha yanakwenda kuzungusha ya megawati 204 Kidatu. Na juu yake, siku zile, kulikuwa na magari ya barabara mbili, ya Iringa na yale yaliyokwama Gairo. Niliingiwa na uchungu ambao haujanitoka. Ukuta wa bwawa una kazi yake ya kuzuia maji. Malori yapewe daraja lao pembeni, pana, la kupishana, nalo lijengwe njia hii ya ukutani ikiwa bado ina nguvu. Kiyegeya tulisubiri mpaka maji yakaamua.

Tulipovuka, kina mama wa perege wakatuzunguka na masinia. Mjomba hakuwatazama kwanza. Alimpigia dereva mwenzake aliyekuwa bado Morogoro: "Njoo huku, kunapitika. Ila Mtera uifikie mchana. Na utingo wako ashuke."