Alteneta ya moto alfajiri

Gari lilikuwa na miaka 21 na kila asubuhi lilikuwa limekufa. Nageuza ufunguo, stata inatoa "tak" moja, taa za dashibodi zinafifia, basi. Jirani alishazoea. Akisikia boneti inafunguliwa anatoka na waya zake za kubusti, wala hasemi neno.

Nikafanya wafanyavyo wote wasiotaka kuumiza kichwa: nikanunua betri mpya. Siku ya nne, tak.

Ndipo nikaazima mita. Injini ikiwa inaunguruma, betri ilisoma volti 13.8. Nikasema inachaji, alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini na kuchaji betri, haina kosa. Nikasugua vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani, nikakaza waya wa athi. Wapi!

Jioni nikafungua waya wa hasi, nikaunga mita kati yake na betri, milango nikaifunga, nikangoja nusu saa gari litulie. Gari lililozimwa linatakiwa linyonye miliampia 50 hivi, au pungufu. Langu lilikuwa linanyonya ampia 2.4, yaani miliampia 2,400. Kwa betri yangu ya ampia-saa 45, ukiliacha saa 10 tu limeshakunywa zaidi ya nusu.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, jicho kwenye mita. Ya redio: 2.4. Ya taa za ndani: 2.4. Ya honi, ya feni, ya kiberiti cha sigara ambacho sijawahi hata kukitumia: 2.4. Sanduku zima likabaki mapengo na mita haijatikisika. Nilitamani kulipiga gari teke, ila lilikuwa langu.

Nikampigia fundi umeme mmoja mzee.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Alteneta umeishika?"

"Nimeipima, inachaji."

"Sijakuuliza kuipima, mwanangu. Kuishika. Kesho kabla hujawasha."

Alfajiri boneti ilikuwa na umande. Nikagusa injini: baridi kama jiwe la mtoni. Nikapitisha mkono chini, nikaishika alteneta, nikashtuka. Ilikuwa na joto, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Gari halijawashwa tangu jana!

Waya mnene wa alteneta unakwenda moja kwa moja kwenye betri, haupiti kabisa kwenye zile fyuzi nilizokuwa nazing'oa. Ndani ya alteneta kuna daiodi, kazi yake kuruhusu umeme utoke uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ilikuwa imeungua, haizuii tena. Mchana alteneta inachaji kwa daiodi zilizobaki, usiku betri inaipasha moto bure.

Nikatenga betri, nikafungua nati ya waya ule, nikaufunga ncha kwa utepe, nikarudisha mita: miliampia 30.

Fundi alibadilisha sahani ya daiodi, alteneta yenyewe ikabaki ileile. Mimi nikaenda bandani kuitoa betri ya zamani, ile niliyoituhumu, nikaiweka kwenye chaja. Kesho yake jioni, baada ya kupumzika mchana kutwa, ilisoma volti 12.6: imejaa, nzima kabisa.