Gari linagoma kuwaka ukitoka tu kujaza mafuta: langu lilikuwa hivi

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mtumba. Asubuhi lilikuwa linawaka mara moja, na nikitoka kazini vilevile. Ila nikishajaza mafuta sheli, stata inazunguka weee, injini inakohoa, haishiki, na nyuma watu wanapiga honi. Nikikanyaga mafuta huku napiga stata ndipo linashika, linatetemeka kidogo, kisha linatulia.

Fundi akalipima kwa mashine, haikuonyesha kosa lolote. "Dada, pampu ya mafuta imechoka hiyo." Sikukubali. Pampu iliyochoka haichagui saa, ingesumbua hata asubuhi. Halafu kukanyaga mafuta kunaingiza hewa zaidi, na ndiko kulikoliamsha. Basi petroli ilikuwa imezidi, na iliyozidi ilikuwa inapita njia nyingine.

Njia hiyo ipo. Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limezimwa, sembuse kwa joto la Dar. Zamani mvuke huo uliachwa uende zake hewani, mpaka California ilipowabana watengenezaji kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata 1971. Siku hizi mvuke wa tangini unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo la plastiki lenye mkaa. Si mkaa wa jikoni huu. Una vitundu vidogo mno, kiasi kwamba gramu moja tu ina zaidi ya mita za mraba 500 za kunasia mvuke. Injini ikishapata moto, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inafungua vali ndogo ya umeme, injini inauvuta mvuke pamoja na hewa safi na kuuchoma, na mkaa unakuwa tayari kunasa tena.

Injini ikizimwa, vali hiyo inatakiwa iwe imefunga. Sasa ikikwama wazi! Unapojaza, petroli inayoingia inausukuma mvuke wa tangini kwenye kopo, na ukipiga stata injini inaufyonza wote kwa mkupuo.

Nikamwomba fundi aichomoe. Tukaivika kipande cha mpira safi, nikapuliza: hewa ikapita bila kizuizi, wakati haikuwa na umeme wowote. Tukaipa volti 12 za betri, mbali na harufu ya petroli, ikalia "tik" lakini hewa ikaendelea kupita vilevile. Fundi akaigongagonga juu ya karatasi nyeupe, zikadondoka chembe nyeusi, ngumu, kama baruti.

Chembe hizo ni mkaa wa kopo. Kwa hiyo kopo lilishapasuka ndani, na kubadilisha vali peke yake ingekuwa kutupa hela, maana mpya nayo ingekwama. Kinachoharibu kopo mara nyingi ni kujazisha mpaka petroli ionekane mdomoni, ikaingia kwenye mkaa ikiwa majimaji. Nozeli ikijikata yenyewe, mwambie kijana wa sheli aache, hata kama anataka kukamilisha hela iwe namba nzima.

Vali nilinunua mpya, kopo nikapata la mtumba eneo la Gerezani, hapa Dar. Ukienda kuchagua, litikise: likilia chakacha, rudisha. Linuse pia; harufu kidogo ni kawaida, lakini kopo zito linalochuruzika petroli limeshakufa, hata muuzaji akiapa kwamba limetoka kwenye gari zima.