Nilikuwa nakata kona, ndipo akanigonga

Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Kiingereza nimekiokota kazini, kwa kusikiliza wageni, na kwa kuongea nilijiona niko vizuri. Kazi ilikuwa kwenye kuandika.

Siku hiyo tunatoka Moshi, tukafika Usa River. Nikawasha indiketa nikate kulia, bodaboda aliyekuwa ananiovateki akagonga mlango wangu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Jioni ofisini wakataka maelezo kwa Kiingereza. Nikaandika: "When the motorcycle hit us, I turned right."

Bosi akasoma, akaniuliza, "Kwa hiyo alikugonga kwanza, wewe ndiyo ukakata kona?"

"Hapana bosi, nilikuwa nakata kona, ndipo akanigonga."

"Basi hapa hukuandika hivyo."

Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na karatasi ikasema kingine. Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyeninyooshea: "I was turning right when the motorcycle hit us." Kitendo kilichokuwa kinaendelea kinabeba "was" au "were" pamoja na "-ing", kile kilichokuja kukikatiza kinabaki kifupi, "hit". Kesho yake nikaandika upya.

Nikadhani sasa kila "nilikuwa na-" ni "was" na "-ing". Sivyo. "Nilikuwa najua" nimewaambia wageni "I was knowing" miaka mingi, kumbe wao wanasema "I knew", maana kujua, kutaka na kuamini kwao ni hali, si shughuli. Na "kila asubuhi nilikuwa naenda sokoni" ni mazoea: "I used to go".

Lakini kilichonisumbua zaidi ni "-me-", na hiki naona wengi wetu hatuambiwi. Sisi mtu amekaa, amesimama, amevaa. Ukisema "alikuwa anavaa kofia", maana yake ndiyo kwanza anaitia kichwani. Kwa hiyo "alikuwa amevaa kofia" nilikuwa naandika "he had worn a hat", na msomaji anaelewa kwamba kofia ilishavuliwa. Mwingereza hapo anasema "he was wearing a hat". Vivyo hivyo "nilikuwa nimesimama" ni "I was standing". Na simba akiwa amelala, lazima kwanza umtazame macho: akiwa ameyafumba, "was sleeping", akiwa amejilaza tu anaangalia, "was lying".

Nikanunua daftari. Kila jioni naandika sentensi tatu za safari, kwanza kwa Kiswahili, kisha najiuliza: hiki kilikuwa kinaendelea, kilikuwa mazoea, au ni hali? Ndipo naitafuta ya Kiingereza.

Ya juzi, tukiwa Tarangire, niliisema kwa wageni papo hapo kabla ya kuiandika: "The lioness was lying in the grass when the zebras came down to drink."