Goti langu limepona bila kisu, kwa kidumu cha mafuta

Nimechoka kuulizwa "ulipasuliwa wapi?" jamani sikupasuliwa! Na sikuumia mpirani kama watu wanavyodhani, niliinuka tu jamvini baada ya biriani la harusi, goti likalia kruu. Picha ya MRI ikaonyesha meniskasi imechanika, kile kigegedu cha katikati ya paja na muundi. Daktari wa kwanza hata kunigusa hakunigusa, akasema tukapasue, laki mbili na ushei. Wa pili akalikunja akalikunjua, akauliza huwa linakwama? Nikamwambia la. Basi fanya mazoezi kwanza, (likikwama likagoma kunyooka hapo ni habari nyingine, wahi hospitali).

Sasa shemeji yangu, mjuzi wa kila kitu, akaniletea mkandaji na chupa ya mafuta ya nyonyo. Yule mzee ana vidole vya chuma wallahi, akanikalia mguu akaminya pale pale panapouma, nikapiga ukelele jirani akaja mbio kuuliza nani kafa. Shemeji kasimama mlangoni ananambia vumilia kaka, hiyo ni damu mbaya inatoka. Asubuhi goti limefura suruali haipiti, na elfu mbili zangu zishaenda.

Ndio nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo tu, "baba kaza paja, kaza, usinidanganye." Taulo chini ya goti unaligandamiza, mguu unyooke unyanyue, hayo ya kawaida. Alipotaka niongeze uzito nikaona vile vya dukani bei si mchezo, nikachukua kidumu kitupu cha mafuta ya kupikia cha lita tatu, nikatia maji, nikakifunga kwa leso kwenye kifundo, nikakaa juu ya meza mguu unaning'inia, nikawa nanyoosha. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unajua kabisa umebeba nini, ukiamka na uvimbe unamwaga kidogo, ukiamka vizuri unaongeza. Leso yenyewe ilikuwa ya mke wangu, tena ya pea, hilo tuliache.

Alfajiri naenda Nyali kutembea baharini maji ya kiunoni, mwili unakuwa mwepesi kama nusu hivi, goti halilalamiki.

Wanaosema bila kisu ni kujifariji, Finland madaktari waliwachukua wagonjwa 146 wenye kuchanika kwa uchakavu kama kwangu, wengine wakapasuliwa kweli wengine wakaingizwa kamera tu gotini bila kukatwa meniskasi, na wenyewe wasijue, matokeo yakatoka 2013, baada ya mwaka hali zao hazikupishana.

Iliyonichelewesha ni ile ramp ya feri Likoni, tena kushuka ndio kubaya kuliko kupanda, kwa miezi nilikuwa nashuka upande upande watu wananisukuma. Siku hizi king'ora kikilia nakimbia na vijana. Na shemeji anawaambia watu ni yale mafuta ya nyonyo.