Kadi za herufi kwa mtoto wa miezi kumi

Jirani yangu hapa Uyole amemnunulia mwanawe wa miezi kumi kadi za herufi pale Mwanjelwa, na kila jioni humwonyesha moja moja akizitamka kwa sauti, huku mtoto akiitafuna ile ya B hadi kona zake zimelainika. Aliponishauri nami nimwanzishie binti yangu, ambaye ni rika la mwanawe, nilikataa kwa heshima. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 117 wa miezi 9 hadi 18, ambao baadhi yao walitumia kwa miezi saba video na kadi zilizonadiwa kuwa zinafundisha kusoma. Hawakuwazidi wenzao katika kusoma, ingawa wazazi wengi waliamini kwamba wamefaidika. Imani hiyo ya wazazi ndiyo iliyonishangaza zaidi.

Sisi, baridi ya Juni inapotufungia ndani, humfungulia kitabu cha picha, na bibi yake humtajia ng'ombe, parachichi na mvua kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Maadamu anageuza kurasa mwenyewe, hata kitabu kikiwa juu chini, sioni sababu ya kumdai herufi kwa sasa.