Gari nililiuza, jina likabaki langu

Gari lilitoka kwangu Kiamunyi Jumamosi saa nne asubuhi. Kufikia siku ya ishirini na tatu, nilikuwa tapeli. Neno ni la mnunuzi mwenyewe, alilirekodi usiku akanitumia kwa WhatsApp: "Mwalimu, sikutarajia mtu wa umri wako awe tapeli." Mpaka leo sijui kilichoniuma zaidi ni utapeli au umri.

Mimi hufundisha hisabati upande wa Njoro. Gari lenyewe lilikuwa kigari cha familia, injini ya cc 1500, nililolitumia miaka sita. Mnunuzi alikuwa kijana wa Kisumu anayechukua samaki Dunga na kuwaleta Nakuru. Tulipatana 520,000. Siku hiyo alitoa 470,000 kwa M-Pesa, mara mbili, maana haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mkupuo mmoja, na 50,000 zilizobaki tukaandikiana azimalize baada ya mwezi. Alikuja na fundi wake. Fundi akafungua rejeta, akachomoa kijiti cha oili akakinusa, wakaliendesha hadi njia panda ya Njoro na kurudi. Nikamwambia, "Linapunguza maji kidogo, uwe unaangalia kila wiki." Akasema sawa.

Mkataba tuliuandika kwenye fulskepu: namba ya gari, namba ya chesisi, vitambulisho vyetu na vya mashahidi wawili, saa ya kukabidhiana, na kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo baada ya mnunuzi kulikagua. Mileji nayo tuliiandika, 143,210, kisha nikaipiga picha. Habari ya maji kupungua haikuandikwa popote. Mdomo ulisema, kalamu ikanyamaza.

Shemeji yangu alinisihi nisianze kuhamisha umiliki wa gari hadi salio liingie. Nilikataa. Hapa Kenya, kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, mtu aliyeandikishwa kwa gari ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Kijana akimgonga mtu pale Salgaa, nitakayetafutwa kwanza ni mimi. Kwa hiyo jioni ile ile niliingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA wanaosajili magari, nikaanza kuhamisha. Kilichobaki ni yeye kuingia kwenye akaunti yake na kukubali. Akaniambia amesahau nywila, ataitafuta. Wiki ikapita, ya pili ikapita, anaitafuta tu.

Ndipo ikaja ile sauti ya usiku. Gari limechemka njiani, fundi amesema gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imekwisha, gharama ni 110,000. Ama nilipe, ama nirudishe pesa zote nije nichukue gari langu. Na ile 50,000 nisahau. "Hili gari lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza," alisema.

Niliandika jibu refu, lenye ukali ambao hata wanafunzi wangu hawajawahi kuuonja. Nikalisoma, nikalifuta. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na huyu ni mfanyabiashara wa samaki kweli kweli. Asubuhi nikamwandikia mistari miwili: pole kwa usumbufu, nitumie picha za gari na za sehemu iliyoharibika.

Alituma tatu. Ya kwanza, kifuniko cha rejeta chenye ukoko wa kahawia. Ya pili, injini. Ya tatu alikusudia nione mshale wa joto ulivyopanda, lakini chini ya mshale kulikuwa na mileji: 146,480. Nikachukua kalamu. Kilomita 3,270 kwa siku ishirini na tatu. Kisumu hadi Nakuru kwa njia ya Kericho ni kama 180, kwa hiyo hiyo ni safari tisa za kwenda na kurudi, samaki na barafu nyuma. Na kutoka Kisumu hadi Mau Summit unapanda zaidi ya mita elfu moja. Gari bovu tangu siku ya kwanza halifanyi hesabu hiyo.

Sikumtumia hesabu ile papo hapo. Pengine nilikosea, kwa sababu siku mbili baadaye nilipigiwa simu na afisa wa polisi kutoka Kisumu. Miguu iliisha nguvu. Kumbe mtu wa watu: aliniuliza kama kuna mkataba, nikamtumia picha yake, akasema, "Mama, hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Elewaneni ama mwende kortini."

Nililipa 2,000 nikaonana na wakili hapa mjini. Zilitosha. Alinieleza kwamba chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, dhamana ya ubora humbana zaidi anayeuza bidhaa kama biashara yake, si mwalimu anayeuza gari lake moja. Kisha akaniangalia juu ya miwani: "Ila kama ulimdanganya kitu, hilo ni jambo lingine." Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Mlango huo ulikuwa wazi kwetu sote wawili, na hapo ndipo nilipotulia.

Nikampigia kijana. Nikamwambia tukutane Kericho, gari lichunguzwe na fundi ambaye hakuna anayemjua kati yetu, na kila mtu abebe lake. Alinyamaza, halafu akauliza nauli ya mimi kuja Kericho atalipa nani. Nikacheka, naye akacheka. Tangu siku ya kuuziana hatukuwa tumecheka.

Fundi wa Kericho alikuwa mzee mmoja asiyependa maneno. Alionyesha gasketi: imeungua, gari liliendeshwa likiwa tayari limechemka. Kijana akakiri kwamba taa iliwaka akiwa bado Londiani, samaki wakawa wanaharibika, akasukuma tu. Nikaanza kujisikia mshindi. Mzee akashika mpira wa juu wa rejeta, akaupindua mbele yangu. Upande wa chini ulikuwa umezibwa kwa gundi na kufungwa waya, kazi ya zamani, vumbi limeganda juu yake. "Hii si ya wiki tatu," alisema.

Niliukumbuka ule waya. Ulifungwa miaka miwili nyuma tulipokwama Molo, nikaapa kununua mpira mpya tukifika nyumbani. Sikununua. Kijana aliniangalia bila kusema neno, na nashukuru hakusema.

Tukaketi kwenye benchi la gereji. Nilikubali kukata 18,000 kwenye salio, ya mpira, feni na sehemu ya kazi ya fundi. Gasketi ikawa yake. Alitaka 25,000, nikakataa, kwa sababu Londiani sikuwa mimi niliyeshika usukani. Tukaandika nyuma ya fulskepu ile ile, tukatia sahihi. Kabla sijainuka nikamwambia sharti moja: akubali kuhamisha gari hapo hapo, nikiona. Ile nywila iliyopotea mwezi mzima ilipatikana kwa dakika nne.

Ile 32,000 ilikuja kwa vipande, cha mwisho kikachelewa wiki tatu. Sikumsumbua sana.

Mwezi uliopita nililiona gari kando ya barabara Salgaa, kreti zimefungwa juu, kijana ananunua mahindi ya kuchoma. Kitu cha kwanza nilichoangalia ni boneti. Ilikuwa imefungwa. Nikapiga honi, akainua hindi.