Dume, jike na kioo katikati

Kila anayeingia kwangu hapa Migosi, Kisumu, huishia mbele ya tangi la samaki, na swali huwa lilelile: mbona umewatenga? Dume wa beta, aina ya samaki wadogo wa mapambo, mwekundu, mapezi yamemtandika kama kanga iliyoanikwa upeponi, yuko upande wa kushoto. Jike, mdogo na wa hudhurungi isiyo na makuu, yuko kulia. Katikati nimesimamisha kipande cha kioo. Leo ilikuwa zamu ya shangazi, aliyeshuka kutoka Usenge na omena zake.

"Mwanangu, mke na mume hawa, ukuta wa nini?"

Nikamwambia, shangazi, hawa si mke na mume. Hata kwao Thailand, kwenye mashamba ya mpunga na vidimbwi vyenye majani mengi, dume na jike hukutana wakati wa kutaga tu, kisha kila mmoja na njia yake. Kule jike akifukuzwa ana pa kwenda. Humu atakwenda wapi? Dume atamchana mapezi, na wengine huua kabisa. Jike naye usimwone hivyo, wapo wanaomshambulia dume.

Shangazi hakuridhika, akanionyesha mapovu yaliyorundikana juu ya maji. Hicho ni kiota. Dume hupanda, humeza hewa, akaitema ikiwa imevikwa mate, povu moja baada ya jingine. Hukijenga hata akiwa peke yake, kwa hiyo kiota si barua ya posa. Jike akiwa tayari kutaga ndipo utaona mistari iliyosimama wima ubavuni na kidoa cheupe chini ya tumbo. Dume humkumbatia kwa kujikunja, mayai yakadondoka, naye akayafuata na kuyaokota kwa mdomo hadi kiotani. Hapo jike lazima atolewe, maana atayala au atapigwa. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili hivi, baba akiwa mlinzi, na watoto wakianza kuogelea wenyewe baba naye anatolewa asije akawageuza chakula.

"Alee, halafu awale?" Shangazi alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema kamongo dume, yule samaki wa ziwani, pia hulinda watoto wake, na huyo naye huvuta hewa juu ya maji. Sikutarajia mfano mzuri hivyo. Beta ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa, na ndicho kilichowaponza: kwa kuwa hafi upesi kwenye bilauri, watu humuuza na kumfuga kwenye bilauri.

Kuwazalisha nimekataa. Mtago mmoja waweza kuleta watoto mamia, na madume wakikua kila mmoja atataka chombo chake. Joto la Kisumu lingenisaidia, kwani wanapenda maji ya nyuzi 24 hadi 28, ilhali rafiki yangu wa Nakuru hana budi kuwasha hita usiku. Lakini vyombo? Sebule yenyewe ni hii.

Kile ambacho shangazi hakukiona ndicho kinachonisumbua. Ukuta wangu ni wa kioo. Dume hushinda amefura, amefungua mashavu, akimrukia jirani asiyeweza kumgusa. Nilidhani nimewapa faragha, kumbe nimewapa ugomvi wa kutwa. Jioni nimechomeka plastiki nyeusi mbele ya kioo kile, akazungukazunguka, kisha akala vizuri.

Plastiki ni ya muda tu. Jumamosi naenda kwa fundi wa vioo pale Kibuye anikatie tangi la pili, la jike peke yake, tena lenye kifuniko, maana hawa huruka. Shangazi ameuliza bei, akaguna, akasema kwa pesa hizo angenunua mbuta wa kulisha ukoo mzima.